Dawa ya kung'arishia shaba: ipi ununue, ipi uiache dukani

Msimu wa harusi ukikaribia, masinia yanashushwa kabatini na malalamiko yanaanza. Linalojirudia kuliko yote ni hili: sinia la shaba ya njano lilisuguliwa, likang'aa, likafungwa kwenye gazeti, na siku ya kutolewa lina ufa ukingoni. Hakuna aliyeliangusha. Dada wa kazi anasemwa wiki nzima, maskini, na mara nyingi mkosaji ni dawa iliyotumika.

Kwa hiyo hapa sitajadili ipi inang'arisha zaidi. Zote zinang'arisha. Ukubwa wa kopo na manukato ya limao nayo niyaache. Dukani uliza jambo moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza: ina amonia?

Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa India walilijua tatizo hili kwa gharama. Maganda ya risasi ya shaba ya njano yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua yalikutwa yamepasuka yenyewe, kabla hata hayajafyatuliwa. Maelezo kamili yalitoka mwaka 1921: mvuke wa amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi ulikutana na unyevu, na shaba iliyokuwa imevutwa na kubanwa ikiwa baridi kiwandani. Ndiyo sababu hadi leo wanaosafisha maganda yaliyotumika ili kuyajaza upya huko Marekani wanaonyana kutotumia dawa ya shaba yenye amonia, na viwanda huyapasha maganda moto ili mvutano uliobaki ndani ya shaba ulegee.

Vitu vitatu vikutane basi: amonia, unyevu, na mvutano ndani ya shaba. Unyevu wa Dar haununuliwi. Mvutano umo kwenye kila kitu kilichobanwa kwa mashine au kukunjwa kikiwa baridi: ukingo wa sinia uliokunjiwa ndani, shingo ya dele, kifuniko chembamba cha chetezo, sehemu ya mpini iliyopigwa ribiti. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyotiwa zinki, na kadiri zinki inavyozidi asilimia 15 hivi ndivyo hatari inavyopanda. Ya maganda ya risasi ina shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, na masinia mengi membamba hayako mbali na hapo. Kitasa kizito cha kusubu au njumu nene ya mlango haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu haikukunjwa.

Ukipaka, ukafuta na kusuuza papo hapo, dhara ni dogo. Balaa ni ile inayobaki. Kinachoingia kwenye mkunjo wa ukingo hakifutiki kwa kitambaa. Kinakauka humo na kuwa unga mweupe wenye ukijani, na kila unyevu ukirudi kazi inaanza upya. Chukua kijiti cha meno, pitisha ndani ya mkunjo wa sinia lako sasa hivi. Kikitoka na unga huo, loweka ukingo kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza mara mbili, anika ukingo ukitazama chini ili maji yashuke. Kisha ligonge kwa kucha. Sinia zima linalia kwa muda. Lenye ufa linatoa mlio mfupi uliokufa, hata kama ufa wenyewe bado hauonekani.

Kuitambua amonia si kazi. Soma kopo: neno lolote linaloanza na "ammon" linatosha. Kama maandishi yamefutika, fungua kofia na unuse kwa mbali. Ni harufu inayochoma pua na kutoa machozi, ile ya dawa ya kupaka nywele rangi. Tena dawa ya kusafishia vioo nayo mara nyingi inayo, kwa hiyo usiipulizie shaba kwa kudhani ni maji ya sabuni tu.

Kabla ya kununua chochote, pitisha sumaku. Ikishika, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu au kuchovywa shaba kidogo, na dawa yoyote ya kusugua itakivua nguo. Kisha chovya pamba kwenye asetoni ya kutolea rangi ya kucha, gusa mahali pasipoonekana. Pakinata, kuna vanishi juu. Chenye vanishi ni maji, sabuni na kitambaa laini, basi. Wapiga matarumbeta hasa wasikie hapa: tarumbeta nyingi zinauzwa na vanishi, na ukiisugua leo kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, mabaka hayatakuacha tena.

Namba moja: Pitambari. Siifichi, huyu ndiye wangu. Ni unga wa Kihindi uliotengenezwa mahsusi kwa vyombo vya shaba, na watu wanaosafisha vyombo vya ibada kila wiki wangekuwa wameshapiga kelele kama ungekuwa unavipasua. Maduka ya Wahindi maeneo ya Kisutu ndiyo pa kuanzia kuuliza. Kazi yake inafanywa na tindikali, si amonia. Lowesha chombo, chukua unga kijiko kimoja cha chai kwa sinia la kawaida, sugua kwa sponji laini (si stilwaya, tafadhali) kwa mizunguko midogo. Weusi unaondoka ndani ya dakika moja au mbili. Usiuache ukaukie juu. Suuza kwa maji mengi, kisha suuza tena kwa maji yenye magadi kidogo, kijiko cha chai kwa lita, ili kuua tindikali iliyobaki, halafu maji matupu. Futa mpaka kikauke kabisa.

Kasoro yake ni kwamba hauachi utando wowote wa kinga, kwa hiyo shaba itaanza kufifia mapema, hasa ukikaa karibu na bahari. Dawa yake ni nta: tone dogo la nta ya gari lisilo na chembe za kusugulia, lipakwe jembamba na kufutwa, kwenye vitu vya mapambo tu. Sinia la chakula usilipake nta. Na ndani ya dele usisugue kabisa. Weupe ule wa ndani ni bati lililopakwa makusudi ili kahawa isikutane na shaba; ukilimaliza, dele linahitaji kutiwa bati upya.

Namba mbili: ndimu ya unga. Ile ile ya jikoni, bila amonia. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, kwenye ndoo ya plastiki, si sufuria ya alumini. Tumbukiza chombo dakika 5, tazama, na kama bado ongeza 5. Usikisahau humo. Kikikaa mno kinatoka na rangi ya waridi, kwa sababu zinki ya juu imeliwa na shaba nyekundu imebaki wazi. Itabidi usugue mpaka uifikie shaba ya njano iliyo chini yake. Maji yakiwa ya bluu au kijani usishtuke, hiyo ni shaba iliyoyeyuka, na maji hayo hayarudi jikoni. Usichanganye na jiki hata tone: tindikali na jiki hutoa gesi ya klorini, na mabafu yetu yanajulikana kwa madirisha madogo.

Namba tatu: Brasso. Watu wataninunia. Brasso ipo tangu 1905, inang'arisha kwa namna ambayo Pitambari haifikii, na inaacha mng'ao unaokaa. Lakini ile ya maji ninayoijua ina harufu ya amonia, na imo mikononi mwa kila anayesafisha sinia jembamba. Itumie kwa vitasa vizito, njumu za mlango, bizimu za mkanda, sahani ya jina mlangoni. Tikisa kopo kwanza, maana unga wa kusugulia unatuama chini na ukimimina bila kutikisa unapata mafuta matupu. Weka kwenye kitambaa, si juu ya chombo. Kwa njumu, kata kadibodi tundu la ukubwa wake uivalishe, la sivyo mbao itabaki na duara jeupe kuzunguka kila njumu.

Dawa za mirija za kung'arishia krome ya pikipiki ziko hapo hapo na Brasso: soma, nusa, amua.

Ukwaju, ndimu na chumvi, majivu: vinafanya kazi, ni rahisi, suuza vizuri. Chumvi ikibaki inaleta madoa ya kijani. Dawa ya choo usiiguse, inageuza shaba kuwa ya waridi kabla hujamaliza kuimimina.

Ya mwisho kabisa: ya kupimiwa. Ile iliyo kwenye chupa ya maji ya kunywa, kofia ya bluu, haina jina, na muuzaji anaapa kuwa ni "orijino ya kutoka kwenye pipa". Pipa gani? Humo unaweza kukuta mafuta ya taa na vumbi la matofali, au amonia kali kuliko kiwandani, na hakuna mahali pa kusoma. Vumbi hilo likiwa na chembe kubwa linachora mistari ambayo hakuna dawa itakayoifuta. Na mtoto akiiona chupa ya maji, atakunywa.

Kinachoniudhi zaidi ni bei. Kopo lile lile la Brasso linapanda ukilifuata supamaketi za upande wa Masaki, halafu unakuta lina kutu chini na limekaa rafuni mpaka maji yametengana na unga ukagandamana. Litikise kabla ya kulipa. Likiwa limeganda hutasikia kitu kikicheza ndani. Kariakoo bei ni nafuu ila kuna wanaouza kopo lililofunguliwa, likapunguzwa, likafungwa tena, na ukitaka kutazama kofia unaambiwa, "Dada, nunua kwanza." Mwenye kopo zima hana sababu ya kukuzuia usilitazame.