Melba Liston na tromboni zake: uzoefu wangu baada ya miezi minne na CD moja

CD hii niliinunua kwa hasira. Mwalimu wangu wa tromboni, kile chombo cha kupuliza chenye bomba la kuvuta, alinikatiza katikati ya zoezi, akaniambia ninapuliza kama mtu anayekimbilia basi. Akasema niwaweke kando kwa muda wale wenye kasi, nimtafute Melba Liston, mpiga tromboni na mpangaji wa muziki wa jazi wa Marekani. Jina lilikuwa geni kwangu. Miaka miwili nilikuwa nimemganda J.J. Johnson, mpiga tromboni mwenye kasi, na kosa langu ni kudhani kwamba nikipata mbio zake nitakuwa nimepata muziki wake.

Niliyoagiza ni toleo jipya la "Melba Liston and Her 'Bones", iliyorekodiwa Desemba 1958 na kutoka mwaka uliofuata chini ya lebo ya MetroJazz. Hiyo "Bones" msiihesabu kuwa mifupa. Ndivyo wapiga jazi wa Marekani wanavyolifupisha jina la tromboni. Ni santuri pekee aliyoiongoza kwa jina lake, mtu aliyefanya kazi ya muziki kwa takriban miaka hamsini. Kasha lilinifikia limepasuka pembe moja na muuzaji hakujibu barua yangu, lakini CD ilikuwa salama, kwa hiyo hilo nimelisamehe.

Sasa sauti. Hakuna tarumbeta humu, hakuna saksafoni. Ni tromboni kwa tromboni, na nyuma yake besi na ngoma, gitaa la Kenny Burrell mahali, piano ya Ray Bryant mahali pengine. Waliokaa kwenye viti ni Jimmy Cleveland, Bennie Green, Frank Rehak, Benny Powell, Slide Hampton na Al Grey, yule bingwa wa kuziba na kuachia mdomo wa tromboni kwa kipira cha kuzibulia sinki. Kila mmoja kati ya hawa angeweza kujaza santuri peke yake. Wiki ya kwanza nilikuwa nafanya upelelezi tu: huyu nani, na huyu je? Niliwakosea karibu wote.

Wiki ya pili nikaacha kutafuta watu nikaanza kusikiliza mpango, yaani jinsi nota zilivyogawiwa kila chombo, na hapo ndipo mwalimu alipokuwa ananisubiri. Aliyewahi kukaa kwenye safu ya tromboni anajua shida yake. Ukizibananisha sauti za chini, zinageuka uji. Hujui nota ipi ni ipi. Liston anaziachia nafasi chini, halafu anazisogeza karibu karibu kadiri zinavyopanda, mpaka ile ya juu kabisa inakaa kama mtu anayeimba na wenzake wamemshika mabega. Kisha anaacha pengo. Katika "Blues Melba" nilihesabu mapigo ya kimya kwa kidole juu ya meza, nikagundua kwamba mimi ningekuwa nimeshaingia mara mbili.

Na yeye mwenyewe anapopuliza, hana haraka. Sauti yake ni nzito bila kuwa na kelele, nota inaanza laini na inaisha pale anapotaka iishe, si pale pumzi inapomwishia. Ukizoea midomo ya bati ya muziki wa dansi, ile inayokuamsha ukumbini, utaona kama huyu ananong'ona. Mpe muda.

Nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya kijitabu kilichomo ndani, na hapa niruhusuni nilalamike kidogo. Herufi zake ni ndogo mno, lakini si hilo lililoniudhi. Kinataja orodha ya wanaume aliofanya nao kazi, halafu kinamsifu kwa kuwa mwanamke aliyeweza. Basi. Aliweza nini hasa, kwa kupitia wapi, haisemwi. Nikalazimika kuitafuta habari yake mwenyewe, na sasa naona kuwa bila hiyo habari nusu ya CD haisikiki.

Alizaliwa Kansas City, Missouri, tarehe 13 Januari 1926. Alikuwa na miaka saba alipoipenda tromboni kwa macho kabla ya masikio, na kwa mkono wa mtoto wa umri huo nafasi ya saba, ile ya mwisho kabisa ya kuvuta bomba, ni safari. Alijifunza kwa kiasi kikubwa peke yake, kwa sikio, akifuatana na gitaa la babu yake. Familia ilipohamia Los Angeles akaangukia mikononi mwa Alma Hightower, mama mmoja aliyekuwa akifundisha watoto wa mtaani kwao muziki, uimbaji na jukwaa kwa mpigo. Bado hajamaliza ujana, mwaka 1942, alikuwa tayari ameajiriwa kwenye bendi ya ukumbi wa Lincoln Theatre, na baada ya hapo akaingia bendi kubwa ya Gerald Wilson. Huko ndiko alikoanza kupanga muziki kwa dhati.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa kwa mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, bendi moja na mpiga saksafoni John Coltrane. Akafuatana pia na mwimbaji Billie Holiday katika ziara ya majimbo ya kusini iliyokwenda vibaya, watu hawakuja, fedha hazikuonekana. Baada ya hapo akaiweka tromboni chini. Akafanya kazi ya ukarani kwenye bodi ya elimu ya Los Angeles, na mara moja moja akaonekana kwenye filamu kama mtu wa ziada. Katika "The Ten Commandments" ya 1956 yumo. Nilipolijua hili nilirudia CD nzima. Yule anayepuliza bila haraka mwaka 1958 ni mtu aliyekuwa ameshaacha, akarudi.

Aliyemrudisha ni Gillespie, alipounda bendi ya ziara zilizodhaminiwa na serikali ya Marekani mwaka 1956. Liston alikuja kusimulia jinsi wanamuziki walivyonung'unika kwa nini mwanamke aitwe kutoka mbali hivyo wakati watu wapo. Dizzy akamwambia agawe karatasi zake za muziki. Wakajaribu kupiga alichoandika, wakajikwaa mistari ya mwanzo tu. Manung'uniko yakaisha hapo hapo. Kisa hiki kinapendwa sana na huwa kinasimuliwa kwa kicheko, lakini mama huyu alieleza pia, bila kuficha, ukatili wa wanaume barabarani, ubakaji ukiwemo. Kijitabu changu kimeruka yote mawili.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna ununuzi wa pili ambao nausisitiza kuliko huu wa kwanza, nao ni "Uhuru Afrika" ya mpiga piano Randy Weston. Ilirekodiwa Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na mipango yote ya bendi ni ya Melba Liston. Hapulizi hata nota moja humo. Mimi niliipakua badala ya kununua CD, na programu niliyoitumia inaonyesha jina la Weston peke yake. La Liston ulitafute kwa tochi.

Sikuwa nimeandaliwa kwa mwanzo wake. Ngoma zinaingia, kina Babatunde Olatunji, Candido na Armando Peraza, halafu mtu anaanza kuongea, na ni Kiswahili. Nilivua hedifoni nikaangalia nyuma. Ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa huko, akighani shairi la Langston Hughes lililogeuzwa kwa lugha yetu. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike kabla ya tromboni wala tarumbeta, akauliza ni ipi, akaelekezwa kwenye Kiswahili. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado mwaka mmoja na ushee iufikie uhuru wake. Mwaka 1964 serikali ya makaburu Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo, na ukiisikiliza huhitaji kuuliza sababu.

Sehemu ya mwisho inaitwa "Kucheza Blues", na jina hilo limenichekesha mara nyingi. Kwetu muziki unapigwa. Anayecheza ni yule aliyeinuka kitini. Lakini sikiliza jinsi Liston alivyoipanga. Vyombo vya kupuliza vinarushiana maneno na ngoma, hakuna anayemsindikiza mwenzake, wote wamesimama. Basi jina limesadifu.

Karatasi za bendi ile ni kazi ya kuogofya. Kuna Freddie Hubbard na Clark Terry kwenye tarumbeta, Yusef Lateef na Cecil Payne kwenye saksafoni na filimbi, Ron Carter kwenye besi, Max Roach kwenye ngoma, waimbaji wawili, na bado Kiswahili kinasikika neno kwa neno. Mwalimu wangu anasema ukitaka kumjua mpangaji, angalia anavyomtunza mtu anayeongea. Weston na Liston waliendelea pamoja kwa miaka zaidi ya thelathini. Sauti ya bendi kubwa za Weston ambayo watu wanaisifu, kwa sehemu kubwa imetoka kwenye penseli ya Melba.

Upande wake wa ualimu hakuna CD inayouonyesha, na hilo si kosa la mtu. Alifundisha vijana Harlem na Watts, mitaa ya Wamarekani Weusi ya New York na Los Angeles, kisha mwaka 1973 akahamia Kingston, akawa mkuu wa idara ya muziki wa Waamerika Weusi katika Jamaica School of Music. Alikaa huko hadi 1979. Miaka sita! Mtu aliyeandikia kampuni ya santuri ya Motown, aliyezunguka Ulaya na bendi ya Quincy Jones, anakaa darasani akifundisha vijana wa kisiwani kupanga sauti nne zisigombane. Kisiwa hicho hakikuwa kigeni kwa tromboni. Mpiga tromboni Don Drummond alikuwa ameshapita, na mwenzake Rico Rodriguez pia, wote wawili kutoka Alpha, shule iliyoendeshwa na masista. Nafikiria vijana waliokwisha kuwa na masikio ya namna hiyo wakikutana na mwalimu wa namna hii, napata wivu.

Mwaka 1985 alipata kiharusi kikamnyang'anya tromboni moja kwa moja. Hakuacha kupanga. Alitumia kompyuta, na "The Spirits of Our Ancestors" ya Weston, iliyorekodiwa 1991, ina kazi yake ya kipindi hicho. Sijainunua bado, ipo kwenye foleni. Mwaka 1987 alipewa heshima ya Jazz Master na mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani. Alifariki Los Angeles tarehe 23 Aprili 1999.

Je, ununue? Kama unatafuta muziki wa kuwashia nyuma ya mazungumzo ya wageni, CD ya 1958 itafanya kazi hiyo vizuri na hutajua ulichokosa. Kama unajifunza chombo chochote cha kupuliza, inunue, lakini usiisikilizie kwenye spika ndogo ya simu. Sauti za tromboni za katikati zinapotea kabisa, na huyu mama ameficha mambo yake huko huko katikati. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, basi anza na "Uhuru Afrika".

Wiki iliyopita tulikuwa watano kwenye zoezi na mwalimu akanipa sehemu ya tromboni ya tatu, ile isiyosikika na mtu. Zamani ningenuna. Nilihesabu mapigo ya kimya, nikaingia. Mwalimu hakusema kitu, ila hakunikatiza.