Sigara ya jukwaani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa hela, rudi kwenye mswada uone mhusika anaifanyia nini hiyo sigara. Anaiwasha mbele ya watazamaji? Anaivuta onyesho zima? Au ameishika tu vidoleni huku akiongea? Kinachotakiwa kununuliwa kimo humo.

Nafasi ya kwanza naipa sigara ya kielektroniki isiyo na nikotini, ile yenye umbo la sigara ya kawaida. Nchani ina kitaa. Chagua cha rangi ya chungwa, maana cha buluu hakimdanganyi hata aliyekaa kiti cha mwisho. Iwe inajiwasha ikivutwa. Zenye kitufe ziache, kwani kidole kinachopapasa humuumbua mwigizaji. Mvuke wake, wa vimiminika viitwavyo propilini glikoli na gliserini, hupotea upesi na hauachi harufu ya tumbaku kwenye mavazi. Kasoro zipo: ni nzito, hivyo haikai vizuri ikining'inizwa mdomoni, tena haipungui. Mtu avute robo saa na sigara ibaki ndefu vilevile, watazamaji watacheka. Tayarisha vipisi kwenye kisahani cha majivu, mwigizaji abadilishe akiwapa mgongo. Nunua mbili ili moja iwe na chaji muda wote, kisha uzijaribu ukumbini kabla ya onyesho: baadhi ya ving'ora vya moshi hulia hata kwa mvuke.

Ya pili ni sigara bandia ya poda. Hii hupulizwa, haivutwi kamwe, na mwigizaji alizoee hilo mazoezini. Akipuliza, kiwingu hutoka nchani. Mdomoni hakitoki kitu, kwa hiyo haifai watazamaji wakiwa karibu. Ikipulizwa mara chache tu poda imekwisha, na koti jeusi litakuonyesha ilikoangukia. Mwenye pumu asipewe.

Ya tatu ni sigara isiyowashwa. Wengi huidharau, nami naipenda: mhusika anayesaka kiberiti na kila mara akakatizwa ana kazi kubwa zaidi ya kuigiza kuliko anayetoa moshi.

Ya nne, sigara za mitishamba. Nikotini hazina, hilo ni kweli, lakini majani yakiungua hutoa lami na kaboni monoksidi kama tumbaku. Kisheria pia si njia ya kukwepea. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya jimbo la Colorado, Marekani, iliamua kwamba marufuku ya kuvuta ndani inalihusu jukwaa pia, na sheria ile iligusa hata mimea mingine ya kuvutwa.

Tumbaku yenyewe naiweka mwisho kabisa. England, kwa kanuni za 2007, humruhusu mwigizaji kuvuta pale sanaa inapodai. Scotland haikutoa nafasi hiyo. Soma sheria ya mahali unapoigizia. Ikiruhusiwa, kisahani kiwe na mchanga uliolowa, kizima moto kiwe pembeni mwa jukwaa, na mwigizaji aulizwe siku ya kugawa nafasi kama yeye ni mtu aliyeacha sigara.