Mbegu za tufaha-mwitu: pakiti nzuri, maelezo sifuri

Pakiti hii nimeinunua mara mbili, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyaona mwenyewe kwenye matuta ya shamba langu, juu kidogo ya mji wa Kabale, Uganda.

Ndani mna mbegu 40 za tufaha-mwitu, yale matufaha madogo machachu ambayo upana wake haufiki sentimita 5. Nililipa shilingi 20,000 kwenye duka moja la pembejeo Kampala. Nilizimwaga kwenye sahani nikahesabu: 40 kamili, rangi ya kahawa, kavu, hakuna iliyotobolewa na mdudu. Kwa hilo nawasifu sana, maana mbegu ni biashara ambayo mnunuzi hupunjwa kwa urahisi. (Ndugu wa pwani, tufaha ninalolisema si lile tofaa lenu laini lenye maji mengi, ule ni mti mwingine kabisa. Nasema hili ambalo wengi sokoni wanaliita epo.)

Majirani waliniuliza matunda machachu nayatakia nini. Sisi wa Kigezi, huku Kabale, tuna matufaha ya kula, aina za Anna na Golden Dorsett, na kazi kubwa ya kuyajaribu imefanyika hapa hapa, kwenye kituo cha utafiti cha Kachwekano. Mimi nilikuwa na miche 3 ya Anna iliyobebeshwa tayari, yaani kikonyo (kijiti) cha Anna kimeunganishwa juu ya shina la mti mwingine, na mvua za msimu mmoja ziliniangushia miwili. Nilipoinyanyua niliona mizizi mifupi, imekaa juu juu tu, na shamba langu ni mteremko. Mti ulioota kwa mbegu hushika ardhi kwa nguvu. Basi nikataka nioteshe mashina yangu mwenyewe, kisha niyabebeshe vikonyo vya ule Anna mmoja uliobaki.

Nilimwuliza muuzaji zinapandwaje. Akanijibu, "Mzee, fukia tu kama maharagwe. Wiki mbili zitakuwa nje."

Nikafukia 15 mwezi wa tatu, mvua zilipoanza. Nikamwagilia siku ambazo mvua haikunyesha, nikang'oa magugu, nikaweka matawi ya miiba kuzuia kuku. Mwezi wa tano hapakuwa na hata mmoja. Nilifukua kwa kidole. Nyingine zilikuwa zimevimba, ukizibonyeza zinatoa uji wa kijivu unaonuka. Nyingine zilikuwa ngumu vile vile kama siku ya kwanza, kana kwamba udongo haukuzigusa. Hizo ngumu ndizo zilizonisumbua akili. Zilikuwa nzima, kwa nini zigome?

Aliyenieleza ni bwana shamba mmoja mstaafu tunayesali naye. Mbegu ya tufaha imelala, na kinachoiamsha ni baridi. Huko matufaha yalikoanzia, kwenye milima ya Kazakhstan karibu na Almaty, tunda huanguka majani yakipukutika, na mbegu hulala kwenye unyevu chini ya theluji hadi majira ya baridi yapite. Bila kupitia hayo, haioti. Inataka nyuzi kati ya 1 na 5, kwa siku 60 hadi 90, nayo iwe na unyevu muda wote huo. Usiku wa Kabale, ambao sisi tunauvalia makoti, ni kama nyuzi 10. Kwa mbegu hii hiyo bado ni joto.

Nikaenda kwa mama mwenye duka la soda pale chini barabarani, kwa sababu kwangu sina friji.

"Afande, kopo la mchanga kwenye friji ya soda?" akaniuliza. "Wateja wataniambia nini?"

"Mama, ni miezi mitatu. Nitakulipia hiyo nafasi."

Tukapatana shilingi 5,000 kwa mwezi.

Nawaeleza nilivyofanya, kwa kuwa pakiti haina hata mstari mmoja. Mbegu 25 zilizobaki nililoweka usiku mzima kwenye maji. Tatu zilielea, nikazitupa. Mchanga wa mtoni nikauosha mara tatu, halafu nikaulowesha kwa kiasi: ukiukamata ngumi hautoi tone la maji, ukifungua kiganja unabaki umeshikana. Mbegu 22 nikazichanganya humo, ndani ya kopo la plastiki ambalo kifuniko chake nilikitoboa kwa msumari. Likakaa rafu ya chini, mbali na pale panapogandisha. Nilimwomba mama asiweke maembe wala ndizi mbivu karibu nalo. Kila Jumamosi nilikwenda kufungua, kunusa na kupindua mchanga. Wiki ya sita ukungu mweupe ulishika mbegu mbili upande mmoja wa kopo. Nilizisuuza nikabadilisha mchanga wote.

Siku ya 74 mbegu moja ilikuwa imepasuka kwenye ncha, na kitu cheupe kimechungulia, kidogo kuliko ncha ya punje ya mchele. Nilitoka nacho nje kwenye mwanga nikamwonyesha mama, naye akawaita wateja wake waje waone.

Katika zile 22, zilizopasuka zikaota zilikuwa 16. Nilizihamishia kwenye viriba vyenye udongo wa msituni, mchanga na samadi iliyooza vizuri, kila moja kina cha kama sentimita moja, mzizi ukitazama chini. Mche hutoka umejikunja, mgongo mbele, kama mtu anayenyanyua gunia, na ganda la mbegu bado limeuganda kichwani. Msilibandue kwa mkono. Niliujaribu mmoja nikakaribia kuuvunja shingo. Mengine yalianguka yenyewe umande ulipoyalainisha.

Miwili ilioza shingoni ikalala chini, nami nikajifunza kumwagilia asubuhi tu, tena kidogo. Mmoja ulikatwa na funza wa ardhini, mwingine ukaliwa na mbuzi. Leo, mwaka wa pili, ninayo 12.

Hapo ndipo picha ya pakiti inaponiudhi. Wamechora tufaha kubwa jekundu la kujaa mkono. Mbegu ya tufaha haizai nakala ya mama yake, kila moja ni mchanganyiko wake, kama watoto wa tumbo moja wasiofanana. Kati ya 12 yangu mmoja una majani yenye wekundu, mingine mitatu ina miiba, na mmoja umewapita wenzake wote kwa kimo. Matunda yatakuwa madogo, machachu, mazuri kwa jamu kwa sababu hugandisha vizuri, na utayangoja miaka 6, 8, hata zaidi. Anayenunua akitarajia lile tufaha la kwenye picha atakuwa ameuziwa kitu kingine.

Kwa mashina, hata hivyo, zinafaa. Miche mitano ilipofika unene wa penseli niliibebesha vikonyo vya Anna, nikafunga kwa vipande vya kavera (mfuko wa plastiki). Minne imeshika na inatoa majani. Miwili mingine nitaiacha ikue pembeni ya shamba bila kuibebesha, kwani Anna hutaka chavua ya tufaha la aina nyingine ili izae vizuri, na mti mwitu hutoa maua kwa wingi.

Niliponunua pakiti ya pili picha ilikuwa ile ile, na maelezo hakuna. Hakuna jina la aina wala mwezi mbegu zilipovunwa. Niliwapigia simu wanaofunga pakiti. Aliyepokea alikuwa mpole, akasema wao hufunga kile wanacholetewa. Nikamwambia karatasi moja ndogo ndani ya pakiti inatosha: loweka, weka kwenye baridi siku 90, kisha panda. Aliahidi kumwambia mkubwa wake. Kuna wakulima wengi ambao shilingi 20,000 kwao ni ada ya mtoto, nao watafukia zote 40 kama maharagwe, watangoja, kisha watasema ardhi yao haifai.

Mbegu zenyewe nazipa 4 kati ya 5. Huduma naipa 2, na hizo ni kwa upole wa yule wa simu.

Mama wa duka la soda naye amenunua pakiti yake. Kopo lake limo ndani ya friji tangu Jumatatu, nyuma ya chupa, na langu la pili liko pembeni yake. Safari hii amekataa pesa yangu.