Miwani ya "kinga ya mwanga wa bluu": nimeuziwa mchezo wa leza

Natoa nyota moja, na hiyo moja ni ya kikasha. Kikasha ni kigumu, kinafunga vizuri, na kitambaa cha kufutia kilichokuja nacho ni laini kweli. Shida ni kilichowekwa ndani yake.

Kazi yangu ni ya kompyuta kutwa nzima, na nikitoka hapo simu inapokea zamu. Ikawa kila ikifika alasiri macho yanawasha na kuchoma, na usiku usingizi unanipiga chenga. Nikaenda kupima. Aliyenipima alikuwa mtu wa maana, akaniambia naona vizuri, sihitaji miwani. Ningeishia hapo. Lakini njia ya kutokea inapita kwenye kaunta ya mauzo, na hapo akanidaka kijana mmoja mwenye maneno matamu: "Dada yangu, kabla hujaondoka, hebu njoo nikuonyeshe kitu. Dakika moja tu."

Akachomoa kalamu ya leza na kadi nyeupe yenye duara katikati. Akalimulika lile duara, papo hapo likatokea doa la zambarau, likabaki hata baada ya kalamu kuzimwa. "Hivi ndivyo simu yako inavyolifanya jicho lako." Kisha akaweka lenzi kati ya kalamu na kadi, akamulika tena. Kadi nyeupe pee, hakuna doa. Akanyamaza, akanitazama huku anatabasamu. Alijua kazi imekwisha. Akaongeza tu, kwa sauti ya daktari anayetoa majibu mabaya, kwamba mwanga wa bluu unakula retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, polepole na watu hushtuka wakiwa wamechelewa.

Nikatoa hela.

Matokeo? Macho yanachoma vilevile na usingizi ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba kwenye vikao vya video wenzangu sasa wanaona vioo viwili vinavyometa bluu pale macho yangu yanapopaswa kuonekana, maana lenzi zenyewe zinaakisi mwanga huo kuelekea mbele. Bosi akaniuliza kama nina skrini nyingine ninayoitazama kwa kuibia.

Kuna jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya bila kalamu ya mtu. Fungua picha iliyojaa bluu tupu kwenye skrini, itazame kwa macho matupu, halafu itazame kupitia lenzi. Kwa miwani yangu bluu ilibaki bluu. Labda ilififia kidogo, kama umeshalipa na unatamani sana kuona tofauti. Miwani inayozuia bluu kwelikweli, ile ya lenzi za rangi ya chungwa, ukiivaa bluu hiyohiyo inageuka giza.

Na siri ya kalamu ndiyo hii. Kalamu nyingi za maonyesho ya namna hii hutoa mwanga wa nanomita 405 hivi (nanomita ndicho kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na ndio unaoamua rangi), yaani zambarau iliyo ukingoni kabisa mwa mwanga tunaoweza kuuona. Skrini zetu za LED zinamwaga bluu yao zaidi karibu na nanomita 450. Lenzi nyeupe inaweza kuikata ile ya 405 karibu yote na bado ikaiachia ya 450 ipite kwa wingi. Halafu zile chembe za jicho zinazoiambia saa ya mwili kwamba bado ni mchana, zenye melanopsini (protini inayonasa mwanga), zinaushika zaidi mwanga wa karibu na 480, mbali kabisa na kalamu. Kwa hiyo pale kaunta nilionyeshwa ushindi dhidi ya mwanga ambao simu yangu karibu haiutoi.

Nikairudisha. Kijana ni yuleyule.

"Mama, si nilikuonyesha?"

Nikamwambia alinionyesha kalamu, na mimi sifanyi kazi mbele ya kalamu. Mnajua alifanya nini? Aliichomoa tena! Kadi ileile, duara lilelile, bado lina kivuli cha doa la mteja aliyenitangulia. Nikamwomba kwa upole (upole ulikuwa unaniishia) aiweke chini, ageuze ile kompyuta yake ya mauzo, tuweke picha ya bluu, tutazame pamoja. Akamgeukia mwenzake: "Huyu kashasoma mtandaoni." Wakacheka. Foleni nzima nyuma yangu inasikiliza. Kisha akanipa jibu ambalo mpaka leo linanipandisha presha: "Inawezekana unaivaa vibaya."

Miwani! Inavaliwa vibaya vipi? Kisogoni?

Nyota moja ni nyingi. Kikasha tu hakitoshi, nimebadilisha mawazo, weka sifuri.

Tena kama kusoma mtandaoni ni kosa, basi nisome kwa sauti. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, walichapisha mapitio ya majaribio 17 ya miwani hizi. Kwa uchovu wa macho unaotokana na kompyuta, walikuta huenda hazina faida ya muda mfupi kuzidi lenzi za kawaida. Kwa usingizi, majibu yalipingana mno kiasi cha kutoweza kuamua. Madaktari wa macho wa Marekani, kupitia American Academy of Ophthalmology, hawapendekezi mtu anunue miwani maalumu ya mwanga wa bluu kwa ajili ya kompyuta. Na hayo maneno ya kula retina? Mwaka 2017 huko Uingereza msimamizi wa taaluma ya macho aliitoza kampuni moja kubwa ya miwani faini ya pauni 40,000 kwa tangazo la kutisha watu namna hiyohiyo. Toka nje mchana wa jua: mwanga unafika lux (kipimo cha mwangaza) makumi elfu. Skrini ya simu usoni kwako inatoa sehemu ndogo sana tu ya hapo. Kama ni bluu kula retina, jua lingekuwa limeshatumaliza sote.

Kinachochoma macho yangu, alikuja kunieleza yule aliyenipima (nilimtafuta mwenyewe, nikaipita ile kaunta bila kugeuka), ni kwamba tukikodolea skrini tunasahau kupepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika. Mbele ya skrini inashuka hadi nusu au chini zaidi. Machozi yanakauka, jicho linawaka. Dawa yake haiuzwi: kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na upepese kope zifungike kabisa. Isogeze skrini iwe mbali kwa urefu wa mkono, na chini kidogo ya usawa wa macho. Nimefanya hivyo, na alasiri zangu zimepoa. Alinieleza bure, amesimama mlangoni. Yeye ningempa nyota zote.

Sasa niseme haki, maana hasira isije ikanifanya niseme mwanga wa usiku ni hadithi. Si hadithi. Mwanga, hasa wa bluu, ukiingia jichoni usiku unaichelewesha melatonini, ile homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Kuna utafiti wa Harvard uliotoka mwishoni mwa 2014: watu 12 walisoma kwenye aipadi iliyowashwa mwanga wote kwa saa 4 kabla ya kulala, siku nyingine wakasoma vitabu vya karatasi. Wakiwa na aipadi walichelewa kusinzia kwa takriban dakika 10, na melatonini yao ilichelewa kwa zaidi ya saa moja. Dakika 10! Ukimsikiliza kijana wa kaunta utadhani ni usiku mzima. Lakini ipo, siwezi kuikana.

Binamu yangu, muuguzi wa zamu za usiku, ndiye aliyeniazima miwani yake ya lenzi za chungwa. Mbaya, unaonekana fundi wa kuchomelea. Ila usiku wa kwanza nilisinzia mapema. Na uliofuata pia. Nikataka kuandika hapa kwamba miwani ya bluu inafanya kazi, mradi ununue ya chungwa, nyota nne. Halafu nikajitazama: nikiivaa, picha zote zinakuwa kahawia, video hazina ladha, naiweka simu kando mapema kwa kuchoshwa. Sasa ni lenzi au ni kuiacha simu? Binamu anaapa ni lenzi. Anaivaa akitoka kazini asubuhi ili jua lisimwamshe kabla hajafika kitandani, na mwanga wa jua ni kitu kingine, hapo namwamini. Kwangu mimi, nilipoirudisha miwani yake nikazima taa kubwa ya dari na kupunguza mwanga wa simu hadi chini kabisa, usingizi uliendelea kuja mapema vilevile. Ile taa ya dari inamwaga mwanga kuliko simu, na hakuna muuzaji aliyewahi kunionya juu yake.

Kwa hiyo miwani nyeupe, hapana. Ya chungwa, labda, kama unalala mchana au huwezi kuzima taa. Fedha yangu haijarudi. Wanasema lenzi zilishakatwa kwa kipimo changu. Kipimo gani, na mliniambia naona vizuri?

Ukiona lazima uende, wakitoa kalamu waambie wairudishe mfukoni, wakupe grafu inayoonyesha lenzi inapitisha asilimia ngapi kwenye nanomita 450 na 480. Watengenezaji wa lenzi huwa nayo. Mimi nilipoiomba, kijana aliniambia grafu iko makao makuu, kisha akaniuliza kama nimeshawahi kuona lenzi zao za kuendeshea gari usiku.