Vifaa vya kuongezea nguvu injini za GDI: kipi ununue kwanza, kipi usikiguse

Kabla hujatoa hela, fungua boneti utafute kitu kimoja: pampu ndogo ya chuma iliyokaa kwenye kichwa cha injini, ikisukumwa na shafti ya kamu. Ndiyo inayopandisha petroli hadi presha ya bar 200, na kwenye baadhi ya injini za karibuni hadi bar 350. Injini yenye nozeli kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa) hutosheka na bar tatu au nne. Hiyo pampu, na nozeli zake zinazopuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja (ndiyo maana ya GDI), ndizo zitakazoamua kifaa gani kikufae. Nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye boksi la kifaa zisubiri.

Nozeli ya kawaida hufunguka kwa volti 12 za betri. Ya GDI haikubali. ECU (kompyuta ya injini) inabidi ipandishe umeme hadi volti 65 hivi, iipige nozeli kwa mkondo wa ampea kumi na kitu, kisha iushushe upesi ili ibaki imeshikiliwa wazi tu. Nozeli za piezo, zinazofunguka kwa fuwele inayotanuka ikipewa umeme, hudai zaidi ya volti 100. ECU hiyohiyo ndiyo inayofungua na kufunga vali ya pampu kwa kufuata pembe ya kamu. Na muda wenyewe ni kiduchu: kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, pistoni ikishuka kunyonya hewa, safari yake nzima ni milisekunde 5. Nozeli za manifoldi zina milisekunde 20 za kumwaga mafuta zitakavyo, mizunguko miwili mizima. Kwenye GDI, mafuta yaliyochelewa yanakuta plagi imeshapiga.

Kwa hiyo orodha yangu inaanza na kompyuta ambayo tayari unayo.

Namba moja: kuflashi ECU ya kiwandani

Kuflashi ni kuandika upya programu ya ECU. Unachonunua ni kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, pamoja na programu. COBB Accessport ina magari mengi ya Subaru na ya Ford EcoBoost, HP Tuners ina nguvu zaidi upande wa GM na Ford, na EcuTek inajulikana sana kwa Toyota 86 na Subaru BRZ. Zile volti 65, zamu za pampu, sensa ya kugonga, vyote vinabaki mikononi mwa wahandisi waliovibuni. Kinachoguswa ni majedwali ya ndani tu.

Uliza mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, je, ECU yako inafunguka? BMW nyingi zilizotoka baada ya katikati ya 2020 zimepigwa kufuli, na mara nyingi ECU lazima itolewe ikafunguliwe kwanza. Pili, kama unanunua Accessport iliyotumika, hakikisha muuzaji ameiondoa kwenye gari lake, maana hufungamana na gari moja. Asipofanya hivyo umenunua pambo. Na siku ya kuflashi, funga chaja kwenye betri. Umeme ukishuka katikati ya kuandika programu, gari linaweza lisiwake tena.

Faida kubwa ya njia hii ni rekodi. Niliwahi kukaa kiti cha abiria, laptopu mapajani, kwenye gari la turbo la lita 2, gia ya tatu, mguu chini. Mstari wa presha iliyoombwa ulitulia bar 200. Mstari wa presha halisi ulikwenda nao sambamba hadi mizunguko 5,000, halafu ukaanza kuteremka: 180, 160, 140. Mwenye gari, macho barabarani, ananiuliza kama tunaweza kuongeza presha ya turbo kidogo. Nikamwambia aachie mguu. Pampu ilikuwa imefika mwisho wake, na hapo programu haina la kufanya.

Mkatalie pia fundi anayetaka kujaza presha kubwa ya turbo kwenye mizunguko 1,500 au 2,000. Injini hizi zina tabia ya mchanganyiko kuwaka wenyewe kabla ya plagi, zikiwa kwenye mizunguko ya chini na zimebebeshwa mzigo, na pistoni huvunjika. Oili ya daraja la API SP ilitengenezwa ikiwa na jambo hilo akilini. Iweke.

Namba mbili: boksi la kati

Hili hukaa kati ya sensa na ECU na kuidanganya kuhusu presha ya turbo. JB4 ilijipatia jina kwenye BMW zenye injini ya N54, na husoma pia mawasiliano ya gari, kwa hiyo uongo wake una mipaka. Linafaa kama ECU yako haifunguki, na kulitoa ni kazi ya muda mfupi. Yale ya bei ya chini yanayodanganya sensa ya presha ya petroli siyapendi hata kidogo. ECU huamini presha imeshuka, inazidi kuikamua pampu, nawe huoni chochote.

Namba tatu: kidhibiti cha nozeli za ziada

Nunua hiki pale tu rekodi zinapoonyesha pampu imeshindwa na kubwa zaidi haipatikani. Nozeli za pili zinawekwa kwenye manifoldi, zinasaidia kwenye mizunguko ya juu, na petroli inaosha mgongo wa vali za kuingizia hewa ambao kwenye GDI hujaa masizi. Toyota ilishaweka nozeli za aina zote mbili kiwandani, kwenye D-4S.

Namba nne: ECU mpya kabisa

MoTeC M142 inaendesha nozeli za GDI hadi silinda nane, M182 hadi 12. Ni vifaa vya mbio au vya injini iliyohamishiwa gari lingine. Kwenye gari la kila siku utalipia siku nyingi za dyno (mashine ya kupimia nguvu za gari) ili tu liwake asubuhi ya baridi, kisha uanze kubembeleza giaboksi, ABS na dashibodi vikubali kuongea na mgeni. ECU ya kawaida iliyounganishwa na boksi la nje la kuendeshea nozeli inawezekana pia, ila mkondo usiolingana na nozeli zako unaziunguza.

Nje ya orodha

Kile kiplagi cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi, kinachoahidi "kuijifunza injini" kwa kilomita kadhaa. Nilikifungua kimoja kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kitufe, taa tatu na chipu moja ndogo ya kuziwasha kwa zamu. Chipu ya kuzungumza na gari haikuwemo.