Unga wa Fmoc-FF: jeli nzuri, ila usiitikise

Fmoc-FF ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino: fenilalanini mbili zilizovikwa kofia ya Fmoc (kundi la kemikali linalofunika ncha moja), na ndiyo rahisi kuanza nayo kwa anayetaka kuona nyuzi nano zikijijenga zenyewe. Yeyusha miligramu 25 kwenye mikrolita 250 za DMSO (kiyeyusho cha maabara), kisha chukua mikrolita 50 uzimimine kwenye mikrolita 950 za maji safi. Unapata mililita moja yenye miligramu 5. Mwanzoni inageuka nyeupe kama maziwa, halafu ndani ya dakika chache inakuwa angavu na kuganda. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanatikisa chupa wakidhani haijachanganyika, na nyuzi zinakatika zikiwa changa. Changanya sekunde chache tu, uiache.

DMSO hufyonza unyevu hewani, na peptidi huanza kujikusanya humo humo. Tengeneza mchanganyiko mpya wa DMSO kila siku.

Peke yake jeli ni dhaifu. Tukitia peptidi iliyoyeyushwa kwenye DMSO katika maji yenye alginati (dutu ya mwani wa baharini) na kuidondosha kwenye kloridi ya kalsiamu, tunapata vishanga vinavyoshika umbo. Kwa seli, DMSO asilimia 5 ni nyingi, ioshe kwanza.