Mashine ya kukausha hewa Mji wa Kale: imenifaa, lakini sikiza kwanza

Nimeitumia tangu Agosti 2024, masika mazima ya 2025 yamepita juu yake, kwa hivyo sasa naweza kuisema bila kubahatisha. Jina la kampuni msiniulize. Niliinunua mtumba, stika ya mbele ilikuwa imeshabanduka. Ilitoka Uingereza, plagi yake ya pini tatu ni ileile yetu, haihitaji adapta. Muuzaji alianzia shilingi 18,000, tukashindana hadi 14,000. Nyuma imeandikwa kwamba inatoa hewani lita 12 za maji kwa siku, kwa umeme wa wati 230.

Naishi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, chumba cha chini, nyumba ya mawe ya matumbawe iliyojengwa na babu zetu. Masika ya 2024, yale ambayo Kenya nzima inayakumbuka kwa mafuriko, nilifungua kabati nitoe nguo za harusi ya binamu yangu. Buibui la hariri lilikuwa na madoa meupe mgongoni. Viatu vya ngozi vya mume wangu vilikuwa na manyoya ya kijani kama vimevishwa sweta. Albamu ya picha za mamangu ilikuwa imegandana, kurasa haziachani. Nyuma ya kabati, ukutani, doa jeusi lenye upana wa sinia ya pilau.

Mamangu alinusa tu mlangoni akasema, "Hiyo ni koga, mwanangu. Usifukize udi juu yake, utapata nguo zenye harufu mbili."

Nikafukiza. Ikawa kweli.

Nikajaribu karafuu (nondo wamekimbia, ukungu, ndiyo hiyo koga, umebaki), kisha ile mifuko ya chembechembe nyeupe inayoning'inizwa kabatini na kujaa maji chini. Ndani yake ni kloridi ya kalsiamu, na haina ulaghai: inanyonya kweli. Kwa kabati dogo lenye mlango unaofunga sawasawa nitaipendekeza hata leo. Lakini mwezi wa Mei mfuko mmoja ulijaa kwa siku 11, na kila mmoja nilinunua kwa zaidi ya shilingi 300. Tena mmoja ulitoboka ukadondokea mkoba wangu wa ngozi. Yale si maji ya kawaida, hayakauki. Mkoba ulijikunja ukawa kama papadi.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyoniuma mfukoni. Fundi rangi mmoja, simtaji, alikuja na ndoo ya rangi ya kuzuia ukungu. Akapaka juu ya doa vilevile lilivyo, bila kusugua, bila kusubiri ukuta ukauke. Siku tatu chumba kikang'aa. Wiki ya sita rangi ikafanya malengelenge, nikilibonyeza moja linatoa maji.

Hapo ndipo nikanunua mashine, kwa hasira.

Namna inavyofanya kazi ni jambo tunalolijua sote: ukitoa soda kwenye friji Mombasa, chupa inatoka jasho kabla hujaifungua. Ndani ya mashine mna mabomba ya baridi, feni inavuta hewa ya chumba kuyapitia, jasho linadondoka ndooni, hewa inatoka kavu. Zipo zinazotumia kompresa kama friji, na zipo zinazotumia chembe za kunyonya unyevu, ambazo zimetengenezewa nchi za baridi. Huku kwetu tafuta ya kompresa. Na zile lita 12 za kwenye kibandiko kwa kawaida hupimwa kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Ulaya watu hulalamika kwamba hawazifikii. Sisi hiyo ndiyo hali yetu ya kila siku.

Usiku wa kwanza niliiwasha baada ya Isha. Kabla sijalala ndoo ya lita 2 ilikuwa imejaa na mashine imejizima. Nikaimwaga, nikawasha tena, alfajiri imejaa. Nikawaita majirani waje kuona. Katika mji ambao mfereji unakauka wiki nzima na tunanunua maji kwa mitungi ya mkokoteni, mimi nateka maji hewani! (Msiyanywe. Yanapita kwenye vumbi na vyuma. Mimi namwagia chooni.)

Furaha ilidumu wiki mbili. Ndoo zilijaa kwa kasi ileile, ukuta ukabaki na majimaji. Nilikuwa na makosa mawili. La kwanza, dirisha. Tumezoea kufungua madirisha upepo upite, na kwa nyumba isiyo na mashine hilo ni sawa kabisa. Lakini ukiwasha mashine huku dirisha liko wazi, unaikausha Bahari ya Hindi. La pili lilikuwa kubwa zaidi: maji yalikuwa yanaingia na mimi sijui yanaingia wapi.

Aliyejua ni fundi mwingine, mzee wa mtaa, anayefanya kazi ya chokaa. Aligonga ukuta kwa vidole, akatoka nje kwenye kichochoro, akarudi. Bomba la maji ya mvua kutoka juu lilikuwa na ufa, linatiririsha nyuma ya kabati langu hasa. Na ukuta wa matumbawe, ambao hupumua, ulikuwa umepigwa plasta ya saruji miaka iliyopita. Maji yakiingia kwenye jiwe, saruji inayazuia kutoka. "Ngome ya Yesu Wareno wameianza 1593 kwa mawe na chokaa," aliniambia, "hawakuwa na saruji, na hiyo hapo imesimama."

Akabadilisha bomba, akabandua saruji hadi usawa wa kiuno, akapiga plasta ya chokaa. Kisha akaniamuru nizime mashine wiki tatu, kwa kuwa chokaa ikikaushwa haraka inapasuka. Nilinung'unika sana. Alikuwa sahihi.

Sehemu za juu ambazo hazikubanduliwa tulizisafisha wenyewe. Mpwa wangu ana pumu, tukampeleka kwa shangazi yake siku mbili. Barakoa, glavu, madirisha wazi. Kwanza sabuni na brashi, kwa kitambaa chenye maji ili vumbi la ukungu lisiruke, kisha jik iliyopunguzwa kwa maji (Mombasa yote tunaita jik hata chupa ikiwa ya kampuni nyingine). Usiichanganye na siki wala dawa ya choo, inatoa hewa ya sumu. Na usiitegemee peke yake: kwenye vigae inatosha, lakini kwenye plasta doa linapauka juu huku ukungu ukibaki ndani ya vitundu. Kuisugua ndiko kulikosaidia. Eneo letu halikufika mita moja ya mraba. Lingekuwa ukuta mzima nisingejaribu mwenyewe.

Tangu Oktoba 2024, basi, mashine imefanya kazi iliyotengenezewa. Nina kidude cha kupimia unyevu, nilikinunua shilingi 900. Asubuhi za Mei kinasoma asilimia 84. Nikifunga chumba na kuiwasha kwa muda wa saa tano, kinashuka hadi 58, na ukungu hupata tabu kuota chini ya 60. Kabati nimelisogeza shibiri moja kutoka ukutani, hewa ipite. Nguo mbichi hazianikwi ndani tena, na leso ikilowa mvua haikai chini zaidi ya siku moja, maana koga inahitaji siku moja au mbili tu ianze. Masika ya 2025 nilifungua kabati kila Ijumaa kwa wasiwasi. Hakuna kitu. Lile buibui la hariri, hata hivyo, madoa hayakutoka.

Sasa lawama zake. Inaongeza joto, chumba kinakuwa kama jikoni siku ya biriani, kwa hivyo hatulali nayo. Naiwasha mchana tukiwa sebuleni. Inanguruma kama friji kuukuu. Tokeni za shilingi 500 zilizokuwa zikinifikisha siku 12 sasa zinaisha siku ya saba, ingawa miezi ya kaskazi, Januari na Februari, naiwasha mara mbili tu kwa wiki na jua linafanya kazi iliyobaki. Chujio naliosha kila wiki mbili, ukiliacha linaziba na ndoo inajaa polepole. Hewa ya chumvi imeshaanza kula kona za chuma.

Ukiwa na AC na inafanya kazi vizuri, huhitaji hii, AC nayo inatoa maji hewani. Ukiwa na ukuta unaotoka maji, usinunue chochote, mtafute fundi wa bomba. Bafuni usiiweke, umeme na maji ya kuoga haviendi pamoja. Huko mimi nakausha vigae kwa kitambaa nikimaliza kuoga.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu stima ikipotea na kurudi, mashine haijiwashi yenyewe hadi uibonyeze, na kwa mtaa wetu hilo ni kila wiki.